Kiporo cha Tarehe

Nafula ameandika tena, saa saba na robo usiku:
"Ukurasa wenu wa mwanzo unanilisha kiporo.
Hapa kiwandani, Barabara ya Lusaka,
nimeshapiga mhuri wa Machi mosi
kwenye mikate elfu mbili na ushei,
nanyi bado mwaniambia ni Februari ishirini na nane."

Kweli. Nimefungua kompyuta, miguu ndani ya blanketi.
Pangani imelala nusu; nusu ya pili iko kwenye kesha,
spika wameielekeza dirishani kwangu.
Na pale juu, chini ya "Siku Kama ya Leo",
jana imekaa kama mgeni aliyeaga mara tatu
na bado ameshika kikombe.

Nikabofya Hariri.
Kigezo kikafunuka: mabano yenye mikia,
mawili mawili, jozi imemeza jozi
kama sufuria za Gikomba zilivyopangwa kuuzwa.
Nikahesabu yanayofungua: kumi na manane.
Yanayofunga: kumi na manane.
Basi si bano.
Nikashuku sifuri ya mbele;
kwa mashine, 02 na 2 si ndugu.
Nikaifuta, kiungo kikawa chekundu.
Nikairudisha, kikawa buluu, buluu ya jana.
Nikasafisha akiba mara tano,
kama mtu anayesugua meza
na doa liko kwenye miwani yake.

Katikati ya msimbo, ndani ya alama za kuficha maneno,
Kipng'eno ameacha ubeti. Ndiye fundi wa kwanza;
siku hizi anauza bima, hapokei simu za vigezo.

    Ewe utakayekuja, kurekebisha kigezo,
    Usiondoe daraja, kabla hujaona nguzo,
    Hesabu moja kwa moja, tarehe si ya mchezo,
    Hazianzi kwa pamoja, kila siku ina mwanzo.

Ahsante sana, Kipng'eno.
Ungeandika tu namba.

Saa nane nikachemsha maji.
Saa nane na nusu mita ya stima ikaanza kulia
kudai tokeni.

Saa tisa kamili sijagusa kitu,
mkono umo kwenye pakiti ya biskuti,
nikauita ukurasa upya, kwa mazoea tu,
ukaja na Machi mosi.

Nikatazama saa ya ukutani.
Nikahesabu kwa vidole, mimi niliyesomea uhasibu:
saba, nane, tisa.
Saa tatu tangu usiku ugeuke.
Kumbe seva, huko ilikolazwa,
haijaambiwa kwamba sisi huamka kabla yake.
Wala haikukosea. Ilikuwa kwao.

Nikaongeza saa tatu: herufi chache,
fupi kuliko jina langu, Nyaboke.
Nikaijaribu kwa siku za uongo,
Desemba inayokatika, Februari yenye siku ya ziada.
Nikahifadhi. Penye muhtasari wa badiliko
nikaandika: "Tumerudi nyumbani."

Mwanakombo wa Eastleigh, aliyeamkia sala, akatuma ujumbe:
"Umefanya vyema, dada, ila siku huanza magharibi.
Bibi yangu angekuambia uongeze tisa."
Nikapiga hesabu. Tisa, na siku inabisha hodi
saa kumi na mbili jioni,
wakati vioski vinawasha taa.
Sikuwa na la kumjibu.
Sikubadilisha, lakini nimeiandika ile tisa
pembezoni mwa daftari, nikaizungushia duara.

Usiku uliofuata, saa saba na robo,
nilikaa macho makusudi, nikingoja malalamiko.
Hayakuja.
Nikakata mkate, kipande cha mwisho, kigumu kidogo,
nikasoma mhuri kwenye karatasi yake.
Wino ulikuwa umepinda kuelekea kulia,
kama umepigwa na mtu mwenye haraka.